Likizo ya Boti Kwenye Mifereji ya Uingereza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni yale yale yanayorudi kila mwaka majira ya joto yakikaribia: kutoka kwa ndugu walioko Reading, Leicester na Birmingham wanaoiona mifereji kila siku bila kuthubutu kuingia, na kutoka kwa wageni wa Dar na Mombasa wanaokuja matembezi na wamechoka kupelekwa London. Majibu yanahusu zaidi Uingereza na Wales, ambako tangu 2012 shirika la hisani la Canal & River Trust ndilo linalosimamia mifereji na mito yenye urefu wa takriban kilomita 3,200.

Lazima niwe na leseni ya kuendesha boti?

Hapana. Kwa boti ya kukodi ya likizo huulizwi cheti chochote cha unahodha. Leseni ya boti yenyewe kuwa majini ni kazi ya kampuni inayokukodisha. Siku ya kwanza mtu wao atapanda nanyi, atawaonyesha injini, gesi, choo na usukani, na mara nyingi atawasindikiza mwendo mfupi hadi aone mmeshika mkono. Msimwachie mtu mmoja masomo hayo yote. Baba akisikiliza peke yake huku wengine wanapiga picha, kesho yake yeye ndiye atakayekuwa anapiga kelele tezini, yaani nyuma ya boti, na hakuna anayemwelewa.

Kwa nini boti ni nyembamba hivyo?

Kwa sababu loki ni nyembamba. Loki ni chumba cha maji cha kupandishia na kushushia boti, maelezo yake yako chini. Katika karne ya 18, James Brindley, fundi aliyesimamia mifereji mingi ya mwanzo, alitaka loki zisile maji mengi na mahandaki yasigharimu sana. Kwa hiyo mifereji ya katikati ya nchi ikajengwa kwa loki zenye upana wa mita 2.1 tu, na boti zikatengenezwa ziingie humo zikibakiza nafasi ya vidole. Boti ya leo bado ina upana wa mita 2.08 hivi, ila urefu unaweza kufika mita 21.

Shughuli ilikuwa makaa ya mawe. Mfereji wa Bridgewater ulipofika Manchester miaka ya 1760, bei ya makaa mjini ilishuka karibu nusu, na matajiri wengine wote wakataka mfereji wao. Farasi mmoja aliyekuwa akivuta gari la tani moja au mbili barabarani aliweza kuvuta boti ya tani 30 majini. Njia ile ya miguu unayoiona ukingoni ilikuwa ya farasi. Baadaye reli zilipopunguza malipo, wenye boti waliacha kupanga nyumba nchi kavu, wakahamia na wake na watoto kwenye kijumba cha tezini chenye urefu wa mita tatu. Baridi kali ya 1962–63 iliyogandisha mifereji kwa wiki nyingi ndiyo iliyowamaliza wengi wa wabebaji mizigo waliobaki.

Usikodi boti ndefu kuliko mahitaji yenu. Boti ya mita 17 hupita karibu kila mahali. Ya mita 21 inakwama kwenye mifereji ambayo loki zake ni fupi, kama sehemu kubwa ya Leeds and Liverpool, na kuigeuza ni kazi nyingine: mfereji ni mwembamba kuliko urefu wa boti, hivyo unageukia pale tu palipochimbwa kwa kazi hiyo. Ukipapita, unaendelea mpaka pengine.

Tutasafiri umbali gani kwa siku?

Hapa ndipo likizo za watu wengi zinapoharibikia, na zinaharibikia sebuleni kabla hata boti haijakodiwa. Mtu anafungua ramani, anaona kutoka hapa hadi pale ni kilomita 100, anasema hiyo si safari, ni kutoka Dar hadi Chalinze. Kwa boti hiyo ni safari ya siku kadhaa.

Mwendo wa juu unaoruhusiwa kwenye mifereji mingi ni maili nne kwa saa, yaani kilomita 6.4. Hutaufikia. Kila ukipita boti zilizofungwa ukingoni unapunguza hadi injini inanguruma tu bila kuvuta, maana wimbi lako linawamwagia watu chai na kung'oa vigingi vyao. Kona, madaraja, wavuvi, yote yanakula muda. Halafu kila loki inachukua robo saa au zaidi, na ukikuta foleni, subiri zamu.

Wazoefu wana hesabu yao: chukua idadi ya maili, jumlisha idadi ya loki, gawanya kwa tatu. Jibu ni saa za kuwa usukanini. Chukua mzunguko maarufu wa Four Counties Ring: maili 110 na loki 94. Jumla 204, ukigawanya kwa tatu unapata saa 68. Kwa wiki moja hizo ni karibu saa kumi kila siku, bila kusimama kula wala kuingia mjini. Vijana sita wenye nguvu wataumaliza na watajisifu. Familia yenye bibi na watoto iupe wiki mbili au iuache.

Mimi nashauri saa nne hadi tano kwa siku, basi. Panga kwenda na kurudi njia ile ile badala ya kuzunguka duara, kwa sababu duara halina ruhusa ya kubadili mawazo: ukishafika nusu, mbele na nyuma ni sawa. Njia ya kwenda na kurudi unaweza kuikatisha siku yoyote mvua ikichosha au mtoto akipata homa.

Wanaoanza waende wapi?

Mfereji wa Llangollen, kaskazini mashariki mwa Wales. Kuanzia Chirk hadi mji wa Llangollen hakuna loki hata moja, na humo katikati kuna daraja la maji la Pontcysyllte, kazi ya Thomas Telford iliyofunguliwa 1805. Ni beseni refu la chuma cha kalibu lililobebwa na nguzo za mawe, urefu wake zaidi ya mita 300, na mto Dee uko mita 38 chini yako. Upande mmoja kuna njia ya miguu na vyuma vya kujishikilia. Upande wa pili hakuna kitu. Ukingo wa beseni unaishia juu kidogo tu ya maji, na ukisimama tezini ukageuza kichwa upande huo unaona vilele vya miti na hewa. Boti haiwezi kuanguka, beseni limeishika huku na huku, lakini nimeona wanaume wazima wakiketi chini sakafuni mpaka ng'ambo. Watoto waingie ndani ya boti au washuke wapite kwa miguu na mtu mzima. Tangu 2009 daraja hili na maili 11 za mfereji wake zimo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Mambo mawili kuhusu mfereji huo. Kwanza, una mkondo, jambo lisilo la kawaida kwa mifereji, kwa sababu unachukua maji ya mto Dee kuyapeleka kwenye bwawa la maji ya kunywa la Hurleston. Kupanda kwenda Llangollen ni polepole, kurudi ni haraka. Pili, kipande cha mwisho kabla ya mji ni chembamba kiasi kwamba boti mbili hazipishani. Mtume mtu mmoja mbele kwa miguu akiwa na simu, aangalie kama kuna boti inakuja, ndipo wengine mfuate.

Tardebigge yenye loki 30 mfululizo, na Caen Hill kule Devizes yenye loki 29 ambazo 16 zimepanda kilima bega kwa bega, ziacheni kwa safari nyingine. Nendeni mkazitazame kwa gari.

Loki inafanyaje kazi?

Ni chumba cha mawe au matofali chenye milango mizito ya mbao mwanzo na mwisho. Hakuna pampu. Ukitaka kupanda, unaingia chumba kikiwa kitupu, unafunga milango nyuma yako, unafungulia maji ya juu yaingie, boti inapanda nayo. Maji ya ndani yakilingana na ya juu, mlango wa mbele unafunguka unatoka. Kushuka ni kinyume chake.

Maji hupitia kwenye vilango vidogo, na vilango hivyo hufunguliwa kwa spana ya pembe ambayo kampuni itakupa. Unaichomeka kwenye ekseli, unazungusha, gia inapandisha kilango. Kuna kijino cha chuma kinachozuia gia isirudi, hakikisha kimeshika. Kisha chomoa spana. Mtu akiiacha imening'inia na kijino kikateleza, spana inazunguka kwa kasi na mkono au meno ya aliye karibu ndiyo yanayolipa. Spana ikianguka majini imekwenda, hivyo ombeni mbili au tatu.

Milango husukumwa kwa boriti ndefu iliyo juu yake. Egemea kwa mgongo, kanyaga yale matofali yaliyojitokeza chini, sukuma taratibu. Kama hausogei, huna haja ya kuita wanaume. Maji bado hayajalingana. Subiri dakika moja, utafunguka kwa mkono wa mtoto.

Wakati wa kupanda, fungua vilango nusu kwanza. Ukivifungua vyote kwa pupa maji yanaingia kwa fujo na boti inarushwa mbele na nyuma. Na kabla ya kuitoa maji loki iliyojaa, tazama kama kuna boti inakuja upande wa pili ambayo ingeitumia. Kila mzunguko wa loki moja nyembamba unateremsha maji zaidi ya lita 100,000 kutoka juu, na miaka ya ukame wenyeji hawacheki na anayeyapoteza.

Kila mtu anatuonya kuhusu kizingiti. Ni kitu gani?

Chini ya mlango wa juu wa loki kuna ukuta uliojitokeza ndani ya chumba, mlango unaukalia. Loki ikiwa imejaa huuoni. Maji yakishuka unatokeza, na kama tezi ya boti yako iko juu yake, tezi inakalia kizingiti huku omo, yaani mbele ya boti, ikiendelea kuteremka na maji. Boti inalala mteremko, maji yanaingia mbele, na inazama ndani ya dakika chache. Boti za likizo huzama hivi kuliko kwa njia nyingine.

Kuna mstari mweupe ukutani unaoonyesha kinapoishia. Unaposhuka, boti yote iwe mbele ya mstari huo, na aliye usukanini kazi yake ni moja tu: kuutazama. Simu isipokewe. Ikitokea tezi imenasa, anayesimamia vilango afunge vya chini mara moja, kisha afungue vya juu polepole maji yairudishe. Kubalianeni mapema neno moja la kupigiwa kelele, “Funga!”, na kila mtu ajue maana yake bila kuuliza kwa nini. Pia usiifunge boti kwa kamba kwenye loki inayoshuka. Maji yataondoka na boti itabaki imening'inia.

Kuendesha ni kugumu?

Nusu saa ya kwanza tu. Unashika kana, ule mkono wa chuma wa usukani: ukiusukuma kushoto, boti inakwenda kulia. Waliokulia pwani kwenye mashua hili hawaambiwi. Waliozoea gari ndio wanaogonga ukingo. Boti inageukia katikati yake, kwa hiyo omo ikienda kulia tezi inafagia kushoto. Tazama nyuma kabla ya kukata kona.

Breki hakuna. Unasimama kwa gia ya nyuma, na ukiwa kwenye gia hiyo usukani haukutii sawasawa. Anza kupunguza mapema. Kaa katikati ya mfereji ambako kina ni kikubwa, na boti nyingine ikija, kila mmoja ashike kulia kwake. Ukihisi injini inahangaika na maji nyuma yanachafuka bila boti kwenda, kuna kitu kimejisokota kwenye propela: mfuko wa plastiki, kamba, wakati mwingine sari au godoro. Zima injini, chomoa ufunguo, ndipo ufungue kifuniko kilicho juu ya propela uingize mkono.

Sijui kuogelea, na tuna watoto. Ni salama?

Maji ya mfereji mwingi hayazidi kifua cha mtu mzima, na aliyeanguka mara nyingi husimama tu. Kinachoumiza ni uzito wa boti. Boti ya mita 17 ina tani 15 au zaidi, na hakuna mguu unaoweza kuizuia isiguse ukuta. Mkono au mguu usitolewe nje kati ya boti na kitu chochote. Mtu akianguka, wa usukanini aweke gia huru kwanza, ndipo mengine.

Watoto na wasiojua kuogelea wavae jaketi la kujiokolea wakiwa nje, hata jua likiwaka. Kampuni huwa nayo. Kwenye mito, loki na mahandaki avae kila mtu. Maji yenyewe si ya kuoga wala kuchezea: yanaweza kuwa na ugonjwa wa homa ya mkojo wa panya, na ni baridi hata Julai. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, hasa ukishashika kamba zilizolowa.

Tunalala wapi?

Humo humo. Ikifika jioni mnasogea upande wa njia ya miguu na kufunga boti, karibu popote, ila si kwenye kona, si chini ya daraja, si kwenye gati la kusubiria loki wala bomba la maji. Mahali pa wageni pana kibao kinachosema mwisho wa kukaa. Boti haisafirishwi usiku, na injini isiwashwe kabla ya saa mbili asubuhi wala baada ya saa mbili usiku ukiwa umesimama, kwa heshima ya majirani.

Choo, maji na umeme vikoje?

Maji ya tangi yanajazwa kwenye mabomba njiani; jaza kila siku mbili ukiweza. Umeme unatoka kwenye betri zinazochajiwa na injini, kwa hiyo pasi na mashine ya nywele ziacheni nyumbani. Choo ni cha kaseti, ambayo mtaibeba na kuimwaga kituoni, au cha tangi kubwa linalonyonywa na kampuni. Lipeni zaidi mpate tangi. Hakuna anayejitolea kubeba kaseti mara ya pili.

Tunaweza kupika vyetu?

Jiko ni la gesi lenye mafiga manne, oveni ipo. Pilau inaiva vizuri. Ugali songa boti ikiwa imefungwa, si ikielekea loki. Fungueni madirisha na msizibe matundu ya hewa hata kama baridi inaingia: gesi ya kaboni monoksidi haina harufu, na king'ora chake kimewekwa kwa sababu hiyo. Msiingize ndani jiko la mkaa la nyama choma, hata likiwa limeshazimika.

Nyama ya halali nunueni kabla ya kuondoka. Vijiji vya njiani havina. Ukipitia Birmingham au Leicester utapata kila kitu. Kuhusu kibla, subirini boti ifungwe, kwa sababu mfereji unapindapinda kuliko mnavyodhani.

Msimu gani ni mzuri?

Mei, Juni na Septemba. Julai na Agosti shule zimefungwa, bei iko juu na loki zina foleni. Kuanzia Novemba hadi Machi sehemu nyingi hufungwa kwa matengenezo. Mwisho wa kiangazi kikavu pia kuna hatari: mwaka 2025 vipande vya Leeds and Liverpool vilifungwa kwa kukosa maji ya kujazia loki. Soma taarifa za kufungwa kwa njia kabla ya kulipa, na uzisome tena wiki ya safari.

Je, naweza kuhamia kwenye boti kukwepa kodi ya kupanga nyumba London?

Watu wanahamia, lakini wasikudanganye kuwa ni bure. Unahitaji leseni ya boti, bima, na cheti cha usalama kinachokaguliwa kila miaka minne. Usipokuwa na maegesho ya kudumu, sheria ya 1995 inakutaka uwe safarini kwa dhati, usikae mahali pamoja zaidi ya siku 14 mfululizo, na tangu 2024 wa namna hiyo wanalipa nyongeza kwenye leseni. Maegesho ya kudumu yanayoruhusu kuishi ni machache na London bei yake inashtua. Kliniki za daktari England zinakusajili hata huna anwani maalumu. Benki na barua ndizo zitakazokusumbua. Ishi kwanza kwenye boti ya kukodi wiki moja ya Februari, ukibeba makaa na gesi mwenyewe. Ukitoka bado unaitaka, nunua.

Huko kwetu hakuna safari kama hizi?

Kuna maji membamba, ila tabia yake ni nyingine. Mkanda, kule Lamu, kati ya Manda na bara, boti za kwenda Pate husubiri maji yajae, na ndani ya mikoko ya Rufiji msafiri hupanga siku yake kwa kupwa na kujaa. Mfereji wa Uingereza hauna bamvua wala maji mafu. Usawa wake wa asubuhi ndio wa jioni. Ukitoka mferejini ukaingia mto Thames chini ya Teddington, hapo maji yanapwa na kujaa, na kampuni nyingi hazikuruhusu kupeleka boti yao huko.

Kurudisha boti kukoje?

Kwa kawaida mwisho ni saa tatu asubuhi, na kuna boti nyingine za wageni wapya zinazosubiri kusafishwa. Lala usiku wa mwisho karibu na bandari ya kampuni, umbali wa saa moja usiozidi, bila loki katikati. Toeni mizigo mkiwa mmefunga, si mkiwa njiani. Semeni wenyewe kilichovunjika kabla hawajakiona, kwa sababu amana yenu bado iko kwao, na hesabuni spana zote zipo.